Zamu ya Shomari

Jumanne, 13 Januari

Sketi kumi na moja zimekwisha. Bado tisa. Kila sketi marinda kumi na sita, na kila mzazi anaapa kwamba kitambaa alikileta tangu Desemba. Uongo. Wamevileta juzi. Shule zimefunguliwa leo na watoto wameenda na sare za mwaka jana zinazowaishia mapajani.

Vidole vinauma. Mguu wa kulia umevimba kwa kukanyaga cherehani.

Kabla ya kufungua kibanda niliweka kigae changu. Kaka Shomari alikuwa ameshaweka chake, barabara yenye kona, na juu yake kasimamisha kijitu chake cha buluu. Mimi nilipewa kipande cha mji upande mmoja, shamba pande tatu. Nikakigusa mara mbili kigeuke, nikakishusha pembeni mwa mji wangu, nikaachia kidole. Kikakaa. Hiyo ndiyo salamu yetu ya siku.

Mchezo wenyewe si mgumu. Simu inakupa kigae kimoja cha mraba. Mji ukutane na mji, barabara na barabara, shamba na shamba. Mahali panapofaa panawaka njano. Unageuza, unaweka, ukitaka unasimamisha kijitu chako kudai mji au barabara, kisha zamu inahamia kwa mwenzako. Kila zamu ina siku tatu. Zikiisha, meza inafungwa na aliyechelewa anaandikwa. Miaka minne tunacheza, meza yetu haijawahi kufungwa hivyo. Hata siku moja na nusu hatujawahi kufika.

Ni yeye aliyenifundisha. Ni fundi wa mashine za kukoboa mpunga huko Ifakara, alijifunza kazini wakati mashine zimekosa umeme, akaja sikukuu ya Idi akaniwekea kwenye simu.

Mwaka mzima hatujasalimiana. Vigae tunaweka kila siku.


Jumatano, 14 Januari

Sketi tatu tu leo. Mlimani mawingu meusi, huku Bigwa vumbi.

Kaka ameniziba mji wangu kwa barabara. Makusudi kabisa, alikuwa na nafasi nne nyingine. Nimefurahi. Huyo ndiye Shomari ninayemjua.


Jumamosi, 17 Januari

Leo wamekuja watu wa Dakawa.

Nilijua wanakuja, binti yangu Rukia aliniambia wiki iliyopita huku anaangalia sakafu. Kijana anaitwa Idrisa, anasimamia mifereji ya maji kwenye mashamba ya mpunga. Mwanangu ana miaka ishirini na sita, anafundisha chekechea, hajawahi kuniletea aibu. Nimekubali moyoni zamani.

Mshenga wao ni Mzee Kibwana, anayekaa hapa mjini, na kinamama wawili. Barua imefungwa kwenye kitambaa cheupe. Aliyeipokea ni mama mkubwa Tatu, dada yake marehemu mama. Akaiweka kwenye sinia, akaifunika kwa leso, akaiingiza kabatini kwangu. Wageni wakanywa chai, wakala vitumbua, wakaaga.

Barua ya posa kwetu haifunguliwi na mama wala baba. Inafunguliwa na mjomba. Baba yake Rukia yuko Gairo na familia nyingine, ataozesha, hilo halina ubishi. Lakini barua ni ya mjomba. Na Rukia ana mjomba mmoja tu.

Mzee Kibwana alisema maneno yake mlangoni, kwa upole, anavaa viatu. Kwao barua ikilala wiki mbili haijafunguliwa, hilo ni jibu. Hawatauliza tena.

Wiki mbili ni tarehe 31.

Mama mkubwa aliniuliza kama nitampigia Shomari. Nikasema nitaona.

"Utaona nini, Zena? Wewe ndiye mdogo."

Kweli. Shikamoo inatoka kwa mdogo. Shomari ni mkubwa kwangu kwa miaka sita, hawezi kunianza hata akitaka. Na mimi sitaki kumwanza. Ndiyo sababu tumebaki na vigae, kule hakuna wa kuanza, kuna zamu tu.


Jumapili, 18 Januari

Niandike mara moja niachane nalo.

Mama alifariki Novemba ya mwaka juzi. Tukamzika kwao, juu Kinole, baada ya adhuhuri. Shomari alikuwa njiani, basi likaharibika Mikumi. Alifika alasiri, kaburi limeshafukiwa. Alisimama pale na mfuko wake wa rambo mkononi mpaka mtu akamvuta.

Siku ya arobaini akaja na gunia la mchele. Akaanza kupanga watu, nyie kaeni huku, nyie pelekeni maji kule. Nikamwambia, mbele ya ukoo mzima, kwamba mtu anayekuja mazishi ya mama yake kama mgeni asipange wenyeji. Alikuwa ameshika bakuli. Akaliweka chini.

"Mimi nilikuja kuzika," akasema. "Nikakuta mmeshazika."

Akaondoka kabla ya chakula.

Nilikuwa na haki. Mama aliugua miezi mitano, nani alimgeuza kitandani? Nani alimfulia? Yeye alikuwa anatuma pole kwenye simu.

Kesho yake asubuhi nikafungua mchezo nikijua amejitoa. Alikuwa ameweka kigae. Sikuelewa. Nikaweka changu.

Nimechoka hata kuandika haya.


Jumatatu, 19 Januari

Nimejaribu kusema kwa vigae.

Kaka ana mji mkubwa, amehangaika nao tangu Krismasi, umebaki pengo moja. Leo nimepewa mimi kipande kinachofaa. Mtu mwenye akili angekitupa mbali. Nikapanua picha kwa vidole, nikakigeuza, nikamzibia pengo, mji wake ukakamilika. Pointi ishirini na mbili zikaenda kwa buluu.

Zamani angeniandikia hapo hapo. Kuna kisanduku cha maneno pembeni. Ujumbe wake wa mwisho bado upo, wa kabla ya arobaini: "Zena, barabara zako kama za kwenu Bigwa, zinaishia kwenye majani." Baada ya hapo, peupe. Chini yake kuna vikaragosi vya tayari, kinachocheka, kinacholia, kinachopiga makofi. Nimekiangalia kile kinacholia muda mrefu. Mwanamke wa miaka hamsini na mbili anamwomba kaka yake radhi kwa kikaragosi? Nikafunga.

Jioni akaweka kigae chake. Kidogo, pembezoni, hakina maana. Kisandukuni hakuna neno.

Sijui ameelewa nini.


Jumanne, 20 Januari

Rukia haniulizi. Anapiga pasi tu. Shati moja la mteja amelipiga pasi mara tatu, na lilikuwa limeshanyooka mara ya kwanza. Kila akipita karibu na kabati anapunguza mwendo.

Ningetamani aniulize, nimjibu vibaya, yaishe.

Mama mkubwa amependekeza tumtafute mjomba wa upande wa binamu, yuko mmoja Matombo. Rukia akasema, kwa sauti ndogo, kwamba hajawahi kumwona huyo mtu.

Sketi nne. Asubuhi niliweka kigae. Saa moja jioni kaka akaweka chake.


Jumatano, 21 Januari

Mchezo umejibadilisha wenyewe. Nimeufungua asubuhi nisiutambue. Rangi zote zimehama. Majina yetu yameondolewa, kuna viduara viwili tu, chekundu na cha buluu. Zamani kila mtu alikuwa na saa yake kando ya jina, sasa kuna saa moja tu, juu katikati. Vigae vimekuwa vidogo kama punje. Nani aliwaomba? Kitu kimekaa vizuri miaka, lazima mtu akiguse.

Nikavaa miwani ya kushonea. Nimepewa njia panda. Nikaigeuza mpaka barabara zikakubaliana, nikaiweka, nikasimamisha kijitu changu chekundu, nikaachia kidole kama siku zote. Kimekaa, ila rangi yake imepauka. Nadhani ndiyo urembo wao mpya.

Saa juu inasema siku mbili na saa kumi na moja. Nilitegemea siku tatu kamili, lakini nani ana nguvu za kuuliza. Zamu ya Shomari.

Mteja amerudisha sketi, anasema marinda yanatazama kushoto. Shule nzima yanatazama kushoto.


Alhamisi, 22 Januari

Adhuhuri. Siku moja na saa saba. Kaka hajacheza.

Haijatokea. Hata alipolazwa na malaria aliweka kigae akiwa kitandani. Nimefungua mara sita leo. Njia panda yangu iko pale pale, imepauka, na saa inapungua.

Amesikia. Mzee Kibwana ana ndugu Ifakara. Amesikia kwamba barua imeletwa, siku zinakwenda, na mimi sijampigia. Sasa ananionyesha. Anaacha saa iishe, mchezo ufungwe, kamba ya mwisho ikatike na asiwe yeye aliyetamka neno.

Ni ukatili. Ni ukatili wa kimya, ndio mbaya zaidi. Mimi nilimsema mbele za watu, angalau nilifungua mdomo.

Sijashona kitu baada ya chakula cha mchana.


Ijumaa, 23 Januari

Asubuhi, saa kumi na moja zimebaki.

Baada ya swala ya Ijumaa, zimebaki saa tano na nusu. Mzee Kibwana alipita kibandani kunisalimia. Tukaongea mvua, tukaongea bei ya mchele. Barua hakuitaja. Alivyokuwa haitaji, nilitamani aitaje.

Alasiri, zimebaki saa tatu. Nimevunja sindano mbili kwenye pindo moja. Nilitoa jina la Shomari kwenye simu, nikaliangalia. Nikajisemea nikipiga sasa ataona namtafuta kwa sababu nina shida naye. Nikairudisha simu mfukoni.

Saa moja jioni meza imefungwa. Vigae vyote vikawa kijivu. Mashamba, barabara, ule mji niliomkamilishia. Nikakaa kwenye kiti cha cherehani nikalia waziwazi, Rukia akatoka ndani anakimbia.

Nikampa simu. Nikamwambia mjomba wako ametukataa.

Akasoma. Akasoma tena. Kisha akasema taratibu, kama anavyosema na watoto wake wa chekechea, "Mama, aliyeandikwa hapa ni nyekundu. Nyekundu ndiye aliyeishiwa na muda."

Nyekundu ni mimi.

Akanieleza. Toleo jipya, ukishaweka kigae lazima ubonyeze tiki ndipo kiende. Bila tiki kinabaki kwenye simu yako peke yako, kimepauka, kinakusubiri. Tiki yenyewe iko chini kulia. Chini kulia kwenye simu yangu kuna doa jeusi tangu Desemba, ilipodondoka kutoka kwenye cherehani. Pale hapaonekani kitu. Na milio yote, ya kupigiwa na ya kukumbusha, nilikuwa nimeizima mwenyewe, nimechoka kusumbuliwa na wateja.

Nilishikiza tu kwa pini, sikushona. Fundi wa miaka thelathini.

Kwa hiyo siku zote hizo haikuwa zamu ya Shomari. Ilikuwa yangu. Mimi nakaa huku namlaani, yeye yuko Ifakara anaangalia saa yangu inakwisha.

Rukia akasema piga sasa hivi. Nikasema kesho, nikiwa na sauti.


Jumamosi, 24 Januari

Hakuna kupiga. Rukia aliondoka asubuhi na mapema na simu yangu, nikiwa bado kwenye mkeka wa swala, akaipeleka mjini ibadilishwe kioo. Alitaka kunifurahisha. Fundi ameshaifumua, kioo kinatoka Dar, njooni Jumatatu. Namba ya kaka iko humo humo. Rukia alibadilisha laini mwaka jana, kwake haipo. Mama mkubwa hana simu kabisa.

Sina kigae cha kuweka. Mikono inatafuta.

Kwa kuwa siwezi kumwambia, niandike hapa ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya mazishi wazee waliniuliza. Mimi ndiye niliyemuuguza, wakanipa heshima hiyo. Wakasema, Zena, Shomari yuko Mikumi, tumsubiri au tuzike? Jua lilikuwa kali, hilo ni kweli. Watu walikuwa pale tangu asubuhi bila chakula, hilo ni kweli. Lakini sikusema tuzike kwa sababu ya jua. Nilisema tuzike kwa sababu nilikuwa na hasira naye ya miezi mitano. Nilitaka afike akute tumemaliza.

Alichelewa saa mbili tu.

Kisha nikamwita mgeni.


Jumapili, 25 Januari

Nilikuwa kibandani, saa saba mchana, nabana pindo la sketi ya kabla ya mwisho. Midomoni nina pini tano. Kivuli kikaingia mlangoni.

Shomari. Suruali ya kazini yenye mafuta ya mashine, kandambili, hana mfuko wala begi. Amekonda. Ndevu zimekuwa nyeupe zote.

Mimi ndiye ninayepaswa kuanza, na mdomo umejaa pini.

"Uko hai," akasema.

Nikatema pini kwenye kiganja. "Shikamoo kaka."

"Marahaba."

Akakaa kwenye benchi la wateja, akaweka mikono magotini. Akaniangalia toka miguuni mpaka kichwani kama anayehakikisha sijapungua kitu. Halafu akaongea akiangalia sakafu. Saa yangu ilipobaki siku moja alidhani nina kazi nyingi. Ilipobaki saa tatu hakula. Ilipoisha akapiga, simu ikaita hakuna anayepokea. Jana akapiga kutwa nzima, imezimwa.

"Nikasema basi, ni msiba mwingine," akasema. "Nikasema safari hii sichelewi."

Alipanda basi la alfajiri. Hakurudi nyumbani hata kubadilisha nguo, alitokea kwenye mashine alikolala akishika zamu.

Nikamweleza habari ya tiki. Nikamwonyesha kwa kidole hewani, hapa kigae, hapa kona, hapa doa. Akacheka. Kisha akaacha kucheka katikati, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Rukia alimpikia wali na mlenda. Amekula sahani mbili. Sasa amelala mkekani, na mimi naandika huku nikisikiliza anavyokoroma.


Jumatatu, 26 Januari

Nimemwambia.

Alikuwa amepiga magoti chini ya cherehani langu, anakaza mkanda wa gurudumu. Hakuombwa, aliuona umelegea akaanza. Nikaona nisipotamka sasa akiwa hanioni usoni sitatamka.

"Wazee waliniuliza kama tukusubiri. Mimi ndiye niliyesema tuzike."

Mikono yake haikusimama. Akakaza mkanda, akauzungusha, akaukaza tena. Akainuka, akajifuta mikono kwa kipande cha kitambaa. Akauliza wapi zinapatikana bodaboda za kwenda Kinole siku hizi. Nikamwelekeza. Akaenda peke yake.

Tangu saa tatu mpaka alasiri sikujua kama atarudi au atapitiliza. Simu imetoka kwa fundi, kioo safi kama kipya, sikuigusa. Mlimani mvua ilikuwa inanyesha, unaiona kutoka hapa, kijivu tu.

Akarudi na matope mpaka magotini. Akaomba maji, akanawa miguu kwenye ngazi. Akala. Hakusema kitu cha kaburini wala cha mimi.

Barua sikuitaja. Siku kama ya leo huwezi kumwomba mtu kitu.


Jumanne, 27 Januari

Rukia amefanya nilichoshindwa.

Alimpelekea mjomba wake chai asubuhi. Akapiga goti, akamwamkia, akabaki pale pale chini.

"Mjomba, kuna barua yangu kabatini."

"Ya lini?"

"Leo siku ya kumi na moja."

Shomari akanigeukia. "Na hukuniambia?"

Rukia akanijibia, bila aibu. "Alikuambia, mjomba. Alikukamilishia mji wako, niliuona kwenye simu."

"Ule mji?" akasema kaka. "Mimi nilidhani umekosea. Nikaona vibaya kukusahihisha."

Hapo ndipo tulipocheka wote, mpaka mama mkubwa Tatu aliyekuwa anaingia uani akauliza kuna nini. Mimi nilikuwa nacheka na tumbo linaniuma, sijui ni kicheko au ni siku zote hizi.

Barua imefunguliwa baada ya alasiri. Kaka alikwenda kuoga, akaazima kanzu kwa jirani, fupi kidogo. Mama mkubwa akatoa sinia. Shomari akaondoa leso, akafungua kitambaa, akachana bahasha kwa kisu cha jikoni. Akavaa miwani yangu ya kushonea. Akasoma kimya mara mbili, kisha kwa sauti. Maneno ni yale yale ya kila posa, lakini yeye aliyasoma kama ndiyo kwanza yanaandikwa.

Akamuuliza Rukia, unamjua huyu? Rukia akainamisha kichwa. Kaka akasema anataka jibu lenye sauti, yeye ni mjomba wake, si mgeni. Rukia akasema namjua, nimemkubali.

Neno mgeni lilinichoma. Sidhani kama alilisema kwa makusudi. Au alilisema. Nimelipokea.

Akaomba karatasi ya kuandika majibu. Nikachana ukurasa wa daftari hili. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Tumekubali, harusi mfungo mosi, Ramadhani ikiisha, inshallah. Bajaji ikaagizwa, yeye mwenyewe akayapeleka majibu kwa Mzee Kibwana, hakutaka kumtuma mtu.


Jumatano, 28 Januari

Kaka ameondoka. Mashine zake haziwezi kumsubiri zaidi.

Nilimsindikiza mpaka stendi ya Msamvu. Basi lilichelewa, tukakaa kwenye ukingo wa zege, kivulini. Nilimshonea shati jana jioni, nililiharakisha, kola imepinda kidogo. Alilivaa hivyo hivyo. Alinunua miwa, tukatafuna.

Alikuwa anaangalia wapiga debe akasema, "Ningekuwa mimi, ningezika. Kwa jua lile."

"Zilikuwa saa mbili tu, kaka. Tungeweza kukusubiri."

Akatema makapi ya muwa, akayakusanya kwa mguu.

"Mngeweza," akasema.

Basi likaingia. Akapanda, akapata kiti cha dirishani upande wa pili, kwa hiyo sikumwona linapoondoka.

Nimerudi saa sita. Sketi ya mwisho Rukia ameimaliza, amefunga na kibanda. Nimevua viatu. Mguu bado umevimba. Nimelala mchana, sijafanya hivyo tangu Desemba, na nilipoamka alasiri ilikuwa imeingia na mtu ameniwekea chai kando ya kitanda, imeshapoa. Nimeinywa.